Kikohozi cha Kuazima: Mashine Ndogo ya ICU Isiyoeleweka

Ukipaliwa na maji mezani, hakuna anayekufundisha la kufanya. Unavuta pumzi, koo linajifunga kwa muda mfupi kama robo ya sekunde, misuli ya tumbo na mbavu inakaza kama ya mchukuzi anayeinua gunia, halafu koo linafunguka ghafla na hewa inatoka kwa kishindo. Wenzako wanasema pole, unafuta machozi, mazungumzo yanaendelea pale yalipokatikia. Hakuna aliyeona kwamba umefanya kazi tatu kwa mpangilio: umejaza, umefunga, umefyatua. Ikikosekana moja tu, kinachobaki ni mguno.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kishindo hicho hupita lita 360 za hewa kwa dakika. Madaktari wanaotibu magonjwa ya udhaifu wa misuli wana namba nyingine mbili walizozikariri. Chini ya lita 270, mgonjwa wao anaweza kuishi vizuri siku za kawaida, lakini mafua yakimpata anaelemewa. Chini ya 160, kikohozi kipo kwa jina tu. Makohozi yanabaki palepale.

Sasa mfikirie kijana aliyeanguka na bodaboda akavunjika shingo. Ni siku yake ya sita ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Uti wa mgongo umeumia sehemu ya chini ya shingo, kwa hiyo neva inayoendesha kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, imepona. Anaweza kuvuta pumzi, ingawa si ya kushiba. Misuli ya tumbo haipati habari yoyote kutoka kwenye ubongo, hivyo hana cha kufyatulia. Na juu ya yote kuna mpira wa kupumulia uliopita katikati ya nyuzi zake za sauti. Mlango ambao ulipaswa kufunga umewekewa kigingi. Kujaza ni nusu nusu, kufunga hakuna, kufyatua hakuna.

Huyo ana sababu iliyo wazi. Lakini hata mgonjwa aliyeingia ICU na misuli mizima hachukui muda kufika katika hali hiyo. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani uliopima kiwambo cha watu ambao ubongo wao ulikuwa umekufa na ambao mashine iliwapumulia kwa saa 18 hadi 69, kabla ya viungo vyao kutolewa kwa ajili ya kupandikizwa. Nyuzi za msuli huo zilikuwa zimekonda kwa zaidi ya nusu. Saa 18 hadi 69. Mguu uliofungwa plasta huchukua wiki kadhaa kukonda tuone. Kiwambo kikipewa likizo hakingoji hata siku tatu ziishe.

Njia iliyozoeleka ya kumsaidia mtu kama huyo ni kumfyonza. Nesi au mfiziotherapia, ambaye wagonjwa wengi humwita mtu wa mazoezi, anapitisha mrija mwembamba ndani ya mpira na kuvuta makohozi yaliyo karibu. Kazi hii inaokoa maisha kila siku, lakini ina mpaka. Mrija hufika pale njia ya hewa inapogawanyika mara mbili, na ukiendelea mbele kidogo huwa unaangukia upande wa kulia, kwa sababu njia ya kulia ni pana zaidi na imenyooka kuliko ya kushoto. Makohozi yaliyokwama chini kwenye pafu la kushoto huenda yasiguswe kabisa. Ni kufagia ukumbi na kuviacha vyumba. Mgonjwa naye, hata aliyelazwa usingizi wa dawa, hukunja uso kila mrija unapoingia.

Hapo ndipo inapoingia mashine ya kusaidia kukohoa. Ni kisanduku cha kilo nne hivi, chenye hozi pana mbele. Kinasukuma hewa ndani ya mapafu kwa sekunde mbili au tatu, kisha kwa kufumba na kufumbua kinageuza na kuvuta. Hewa inatoka mbio, na makohozi yanaifuata. Unaweza kukiunganisha kwa barakoa inayofunika pua na mdomo, au moja kwa moja kwenye mpira wa kupumulia, au kwenye tundu la shingoni. Hakiingizi chochote ndani ya mapafu isipokuwa hewa. Kwa lugha ya kijana wetu wa bodaboda, mashine inamjazia na inamfyatulia. Ile kazi ya katikati, ya kufunga, inarukwa: badala ya kubana kwanza na kuachia, mashine inaumba tofauti ya shinikizo kwa kugeuka ghafla.

Maelezo mengi huishia hapo, pamoja na picha ya mgonjwa anayetabasamu. Utata wenyewe unaanzia hapo, na ili ueleweke lazima turudi kwenye ugonjwa wa polio.

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulipigwa na polio vibaya sana. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia na ya kumezea walikuwa wakifia katika hospitali ya Blegdam, wengi kwa sababu walizama katika mate na makohozi yao wenyewe. Mwezi Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliagiza msichana wa miaka 12 atobolewe tundu shingoni, ukapitishwa mpira, naye akampumulia kwa mfuko wa mkono. Msichana akapona hatari. Kisha wanafunzi wa udaktari wakaitwa kwa mamia, wakapokezana zamu mchana na usiku wakiminya mifuko. Kukusanya wagonjwa mahututi mahali pamoja na kuwapumulia kwa njia hiyo ndiko kunakohesabiwa na wengi kuwa kuzaliwa kwa ICU.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya bahari, daktari Alvan Barach wa New York na wenzake walikuwa wanahangaika na wagonjwa wa aina ileile, lakini wakauliza swali jingine. Hawakuuliza tutampumulia vipi bali tutamkoholea vipi. Jibu lao lilikuwa kifaa cha kujaza na kuvuta, kilichouzwa kwa jina la Cof-flator. Kwa hiyo ICU na mashine ya kikohozi ni ndugu wa tumbo moja, mama yao ni polio. Wakatengana mapema. Hospitali ziliona tundu la shingoni na mrija wa kufyonzea vinatosha. Chanjo ya polio ikaja mwaka 1955 na kuwapunguza wagonjwa. Kifaa kikapotea madukani. Kilirudi mwaka 1993 kupitia kampuni ya J.H. Emerson ya Massachusetts, iliyokuwa maarufu kwa kutengeneza mapafu ya chuma, yale matangi ya kumpumulia mgonjwa ya enzi za polio. Na kiliporudi hakikurudi ICU. Kilikwenda majumbani, kwa watu wenye magonjwa ya misuli na ya neva, watu waliokaa macho, wanaovaa barakoa, wanaoweza kuinua mkono na kusema basi, inatosha.

Miaka ya karibuni ndugu hawa wamekutanishwa tena. Kwa maoni yangu, nusu ya ubishi unaoendelea ICU kuhusu mashine hii inatokana na jambo hili moja: imeingia na kanuni za nyumbani kwake. Mipangilio yake, tahadhari zake, hata lugha yake, vilitungwa kwa ajili ya mtu aliye macho na barakoa usoni. ICU inamkuta mtu aliyelala, ana mpira kooni, na mapafu yake huenda yana ugonjwa.

Tuanze na mpira. Kanuni ya nyumbani inasema shinikizo la 40 kusukuma na 40 kuvuta. Namba hizi hupimwa kwa sentimita za maji, yaani uzito wa maji ya kina hicho. Chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa, zamisha mrija hadi karibu na chini, kisha jaribu kupuliza mapovu. Unachokishinda hapo hakiko mbali na 40. Kwa mtu wa barakoa, shinikizo hilo linakutana na koo lenye upana wake wote. Kwa mgonjwa wa ICU linapita kwanza kwenye mpira wenye tundu la milimita 7 au 8, mrefu kama futi moja. Aliyejaribu kunywa uji mzito kwa mrija wa soda anajua kitakachotokea. Wafaransa walilipima jambo hili maabara kwa pafu la bandia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuwa ya kutarajiwa: kadiri mpira ulivyokuwa mwembamba ndivyo kasi ya hewa inayotoka ilivyopungua, kwa shinikizo lilelile. Maana yake ni kwamba mfiziotherapia akiweka 40 kwa 40 kwa mgonjwa mwenye mpira, akaona hakuna kinachotoka na kuandika kwenye faili kuwa mashine haifai, huenda hakuijaribu. Sehemu kubwa ya nguvu ililiwa njiani.

Jambo la pili ni namna makohozi yanavyosafiri. Hayafuati shinikizo, yanafuata kasi. Ndani ya njia ya hewa makohozi yamejipaka ukutani kama mafuta ndani ya chupa, na hewa inayopita juu yake huyaburuta kuelekea kule inakokwenda kwa kasi zaidi. Ikiwa hewa inayoingia ina mwendo sawa na inayotoka, makohozi yanapelekwa mbele, yanarudishwa nyuma, na kazi inakuwa bure. Watafiti wa mambo haya wanasema kasi ya kutoka inapaswa kuizidi ya kuingia kwa asilimia 10 angalau. Kwa hiyo mfiziotherapia anayejua anachofanya hapendi usawa. Anajaza polepole, kwa shinikizo la wastani na muda mrefu kidogo, halafu anavuta kwa nguvu kubwa zaidi. Majaribio kwa nguruwe waliowekewa mpira, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha makohozi yakitembea vizuri kuelekea nje pale mashine ilipowekwa 40 ya kusukuma na 70 ya kuvuta. Nguruwe si mtu, na sitamshauri yeyote aamke kesho aweke 70 kwa mgonjwa wake. Lakini zile namba mbili zinazofanana, ambazo zimeandikwa kwenye karatasi nyingi za maelekezo kana kwamba zilishushwa, hazina sababu ya kufanana.

Jambo la tatu ndilo linaloleta maneno wakati wa raundi ya asubuhi.

Mwaka 2000 utafiti mkubwa wa Marekani uligeuza namna ya kuwapumulia wagonjwa ambao mapafu yao yamevimba na kujaa majimaji. Waliopewa pumzi ndogo, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito wanaopaswa kuwa nao, walikufa asilimia 31. Waliopewa pumzi kubwa ya mililita 12 walikufa karibu asilimia 40. Tangu hapo kizazi kizima cha madaktari wa ICU kimelelewa na somo moja: pafu linyunyiziwe hewa, lisijazwe, na shinikizo ndani yake lisipite 30. Halafu anakuja mfiziotherapia na kisanduku cha 40. Na akimaliza kusukuma anavuta, wakati daktari amekaa usiku kucha akirekebisha shinikizo dogo linalobaki mwishoni mwa kila pumzi ili vifuko vya hewa visifunge. Daktari akiuliza unafanya nini, ana haki.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kikohozi cha kawaida huzalisha shinikizo la zaidi ya 100 kifuani na hakuna anayepasuka mapafu. Jibu hili linapendeza masikioni, lakini ni bovu. Unapokohoa mwenyewe, misuli inalibana pafu kutoka nje. Shinikizo linapanda ndani na nje ya pafu kwa pamoja, kwa hiyo pafu halitanuliwi. Mashine inasukuma kutoka ndani, na ukuta wa pafu ndio unaobeba tofauti. Hayo ni mambo mawili tofauti na daktari mzuri atakukamata hapo.

Majibu yenye nguvu ni mengine. Kwanza muda. Pumzi ya sekunde mbili ikipita kwenye mpira mwembamba huenda isipewe nafasi ya kulifikisha shinikizo lote kwenye vifuko vya hewa kabla mashine haijageuka. Pili idadi. Mashine ya kupumulia humpa mgonjwa pumzi zaidi ya elfu 20 kwa siku, na utafiti wa mwaka 2000 ulihusu hizo. Mfiziotherapia anatoa kama 20 au 30 kwa kikao. Tatu, na hili ndilo la uzito, ni nani amelala kitandani. Pafu lililovimba wiki hii na linalopigania oksijeni si pafu la kuchezea, liache. Kijana wa bodaboda mwenye mapafu mazuri na misuli iliyokufa ni mtu mwingine kabisa. Mwanamke wa Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaopoozesha misuli, ambaye neva zake zitaamka baada ya wiki chache, akiepuka nimonia kwa sasa, ni mtu mwingine kabisa. Daktari na mfiziotherapia wanaobishana kuhusu mashine mara nyingi wanabishana kuhusu wagonjwa wawili tofauti bila kujua.

Wapo wa kuachwa moja kwa moja: mwenye hewa iliyovujia kati ya pafu na ukuta wa kifua na haijatolewa kwa mrija, mwenye mapafu yenye mapovu makubwa dhaifu ambayo sigara huyaacha, aliyepasuliwa pafu au umio juzi, anayekohoa damu nyingi, ambaye presha ya damu inashikiliwa na dawa na bado inayumba. Mwenye tumbo lililojaa chakula cha mrija asubiri. Aliyeumia kichwa na ubongo umevimba, hilo ni la kukaa chini na daktari kwanza.

Kikao chenyewe, kwa anayekitazama kwa mara ya kwanza, kinachosha kidogo, kwa sababu sehemu kubwa yake ni kusikiliza. Mfiziotherapia anaweka mikono kifuani akitafuta mtikisiko. Anasikiliza kwa stetoskopu. Anatazama kioo cha mashine ya kupumulia: mchoro wa hewa inayotoka ukiwa na meno kama msumeno, kuna kitu kinacheza ndani ya njia. Anamwongezea mgonjwa oksijeni, kwa kuwa kisanduku chenyewe kinatumia hewa ya chumbani. Anahakikisha puto la mpira limejaa, hewa isivujie pembeni. Anaweka kichujio katikati. Anaanza chini, 20 kwa 20, akitazama kifua kinavyoinuka, halafu anapanda. Vikohozi vinne au vitano, anasimama, anamrudisha mgonjwa kwenye mashine yake ya kupumulia, anafyonza kilichopanda, anatazama oksijeni na presha, anarudia. Mrija wa kufyonzea lazima uwe mkononi kabla ya kikohozi cha kwanza. Makohozi yaliyokuwa yamelala chini siku nne yanaweza kupanda yote kwa pamoja na kuziba mpira, na hapo huna muda wa kwenda kuutafuta kwenye droo.

Mgonjwa akiwa macho anaambiwa kila hatua. Kusukumiwa hewa na kuvutwa bila kuambiwa ni kitu cha kutisha, na anayeogopa hufunga koo, na koo likifunga mashine inasukuma ukuta.

Koo, kwa kweli, lina kisa chake. Kwa wenye ugonjwa wa neva za mwendo ambao umefika kwenye misuli ya kusemea na kumezea, mashine wakati mwingine haifui dafu na sababu haikuwa wazi. Watafiti wa Bergen, Norway, wakaingiza kamera nyembamba kooni mwa wagonjwa hao huku mashine ikifanya kazi. Wakaona sehemu za juu za koo zikijikunja na kujifunga pale hewa inapoingia kwa kasi na shinikizo kubwa. Kwa watu hao kuongeza nguvu ni kuongeza kizuizi. Dawa ikawa kupunguza shinikizo la kusukuma na kurefusha muda. Lakini mwenye mpira kooni hana tatizo hilo, maana kigingi kilekile tulichokilaumu mwanzoni kinalishikilia koo wazi. Mpira ukitolewa, tatizo linazaliwa siku hiyohiyo, na mipangilio ya jana haifai leo.

Na siku ya kutoa mpira ndiyo siku ambayo mashine hii ina jambo kubwa la kusema. Kati ya wagonjwa 100 wanaotolewa mpira, 10 hadi 20 hurudishiwa, na wanaorudishiwa hufa zaidi kuliko wenzao. Baadhi yao walikuwa wanapumua vizuri tu. Kilichowashinda ni kutoa makohozi.

Mwaka 2012 timu ya Ureno ilichapisha jaribio la wagonjwa 75 wa ICU waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kwa zaidi ya siku mbili. Kwa kura, 40 walipata huduma ya kawaida na 35 wakaongezewa mashine ya kikohozi kabla na baada ya kutolewa mpira. Katika kundi la kwanza, 19 walirudishiwa mpira, karibu nusu. Katika kundi la pili ni 6. Miaka miwili kabla yake, John Bach wa New Jersey, ambaye pengine ndiye mtetezi mkubwa kuliko wote wa mashine hii, na wenzake walieleza habari za wagonjwa 157 wenye udhaifu wa misuli ambao kwa vigezo vya kawaida wasingethubutu kutolewa mpira. Waliwatoa, wakiwaunga kwa barakoa ya kupumulia na mashine ya kikohozi. Jaribio la kwanza lilifaulu kwa 149.

Namba tamu. Lakini la Ureno ni jaribio dogo, na kila aliyekuwa wodini alijua nani amepewa nini. La Bach halikuwa na kundi la kulinganisha. Cochrane, shirika linalopepeta ushahidi wa tiba, lilipopitia habari zote mwaka 2017 lilisema ushahidi uliopo ni wa kiwango cha chini sana. Hilo halina maana kwamba mashine haifanyi kazi. Maana yake ni kwamba ukiitumia unategemea zaidi uelewa wako wa mwili kuliko hesabu za wengine, na kwa kazi ya namna hiyo mtu anayeshika kifaa ana uzito kuliko kifaa. Tafiti za maoni zilizofanywa kwa wafiziotherapia wa Uingereza zinaonyesha picha inayolingana: mashine ipo hospitalini, inatumika kwa aliyekwisha kutolewa mpira, lakini kwa mwenye mpira wengi wanasita. Wanataja mafunzo, uzoefu, ushahidi. Kisha ikaja COVID, mashine ikaingizwa kwenye orodha ya vitu vinavyotawanya matone hewani, ikakaa stoo kwa muda.

Wodi nyingi za Afrika Mashariki hazina stoo yenye kisanduku hicho. Bei yake ni maelfu ya dola. Lakini Ambu ipo, ule mfuko wa kumpumulia mgonjwa kwa mkono, na Ambu ni wa ukoo uleule. Ilibuniwa Denmark mwaka 1956, baada ya somo la wale wanafunzi wa Copenhagen na mifuko yao ya mkono. Mgonjwa aliye macho na koo zima anaweza kupuliziwa pumzi mbili au tatu, moja juu ya nyingine, akizishikilia kwa kufunga koo, kisha akakohoa huku mfiziotherapia akimsukuma tumbo kwa viganja kuelekea juu, kwa wakati uleule. Hapo mfuko umejaza, koo limefunga, mikono imefyatua. Kwa mwenye mpira, mfuko unaminywa taratibu, unashikiliwa kidogo, unaachiwa ghafla, na ile kanuni ya kuingia polepole na kutoka mbio inatimia bila umeme. Hauvuti, ni kweli, na hautoshi kwa kila mtu. Ila asiyejua kwa nini mfuko uachiwe ghafla hatajua pia cha kufanya na kisanduku siku kikiletwa na wafadhili.

Hata kupima nani yuko tayari kutolewa mpira hakuhitaji fedha. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walielezea kipimo cha kadi nyeupe: shika kadi sentimita mbili hivi kutoka mwisho wa mpira, mwambie mgonjwa akohoe mara tatu au nne. Kadi ikibaki kavu, uwezekano wa kushindwa kukaa bila mpira ni kama mara tatu ya yule aliyeilowesha.

Katika taarifa ya Bach kuna jambo moja ambalo watu hulipita haraka wakikimbilia ile 149. Mgonjwa aliyetolewa mpira alikuwa anakoholewa kila oksijeni yake iliposhuka chini ya asilimia 95, wakati mwingine kila dakika 20. Hakuna ICU, Newark huko New Jersey wala Nairobi, yenye wafiziotherapia wa kufanya hivyo usiku kucha. Waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa jamaa wa mgonjwa. Mama, mke, kaka, walifundishwa kushika barakoa, kusoma namba kwenye kioo, kubonyeza na kufyonza, na wakaruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Kwetu, kwenye wodi nyingi, jamaa ndiye anayegeuza mgonjwa, anayemlisha, anayemwosha, hadi mgonjwa anapohamishiwa ICU. Kuanzia hapo anasubiri benchi ya nje, na kuingia ni saa ya kuona wagonjwa.